Tofali la Ezati

"Imekuwa tofali," nikamwambia,
ndivyo tusemavyo sisi watu wa bisibisi.
Ezati akacheka, kucha bado zina udongo wa Enyau:
"Tofali? Tofali langu hubeba ukuta.
Hii hata mlango haiwezi kuzuia."

Mpwawe aliilisha chakula cha simu nyingine,
faili ya modeli jirani, herufi moja tu imezidi,
na tangu Jumapili haiwaki, haitetemeki,
chaja inainyonyesha, haimezi.

Duka langu lina upana wa kitanda, nyuma ya stendi ya Arua.
Nikafungua mgongo, nikachomoa betri.
Hizi chipu za MediaTek nimezizoea:
zikifa, hazifi zote.
Chini kabisa kuna maneno machache yaliyochongwa kiwandani,
hayafutiki hata kwa ujinga,
na kila yakiguswa na umeme huamka kwa nukta mbili,
huuliza, "Kuna mtu?"
Yakikosa jibu, hulala.

Kazi yangu yote ni kuziwahi nukta mbili hizo.

Ncha ya kibano kwenye kituone cha shaba, ya pili kwenye bati.
Kebo. Kimya.
Kebo. Kimya.
Ezati kasimama kama anayesikiliza tanuru usiku.
Mara ya sita kompyuta ikalia: ti-rii!

"Ngoja," akanishika mkono. "Madeni yangu yamo humo.
Padri, elfu mbili. Drateru, mia sita za choo.
Yule mwalimu wa Vurra, sijui ngapi, ndiyo maana niliandika."

Nikaondoa tiki kwenye mstari wa chini,
pale kinapokaa kilicho cha mtu.
Nikabonyeza.
Mstari mwekundu ukapita mbio, wa njano ukatambaa;
kwenye asilimia arobaini umeme wa mtaa ukakatika
na feni ya kinyozi jirani ikafa ikizunguka.
Betri yangu kuukuu ikashikilia. Sikupumua.

Duara la kijani.

Ikawaka, lakini haina IMEI.
"Haitapiga wala kupigiwa," nikasema,
"kesho niletee boksi lake, nisome namba yake ya kuzaliwa."
Hakunisikia. Alikuwa anashuka kwa kidole gumba:
Padri. Drateru. Mwalimu, mia tisa na hamsini!

Mfukoni alikuwa na nusu ya malipo.
Nusu nyingine akaiandika, herufi baada ya herufi,
chini ya wote:
fundi wa simu, elfu kumi na tano.
Kwenye orodha ile ndefu
ni mimi peke yangu ninayemdai.