Wiki ya Sita, Pakwach

Leo sikuwapa makasia.
Niliwapa sindano, uzi, magunia matupu na sufi:
shoneni vikalio vyenu,
mto huu hauna huruma na matako ya mtu.
Jakisa akacheka kidogo tu.
Jana, baada ya maili kumi na nne,
alikula chakula chake amesimama.

Siku tatu hadi Laropi.
Nimepima unga wa muhogo, samaki wa moshi, chumvi;
nimewafunza kukojoa bila kuyumbisha mashua,
na kiboko akikohoa,
makasia juu, kimya,
tumpishe mwenye mto.

Piracel bado anavuta kwa hasira.
Vuta, namwambia, kama mtu afunguaye mlango
wa chumba alimolala mtoto.

Jioni tukashuka majini.
Wote wanne wamenigeuzia nyuso,
migongo yao ndiyo inayokwenda Laropi.
Wao wanaliona daraja likipungua, likipungua.
Mimi, na usukani kwapani,
naona magugu maji, na kona.

“Kuna nini huko mbele, mama?”
“Mto. Vuta.”

Sikuwaambia
kwamba kona ile
hata mimi sijawahi kuipita.