Kutoa Upepo

Shangazi Ghanima hataki otomatiki.
"Hiyo," anasema, "ni kuwa abiria
ndani ya gari ulilolinunua mwenyewe."
Goti lake la kushoto limekwisha. Daktari wa Al Khuwair
amemchorea, mfupa juu ya mfupa,
naye karatasi ameikunja akaitia dashibodi
pamoja na risiti za petroli na tasbihi iliyokatika.

Ndiyo maana Lansa imeletwa kwangu, Wadi Kabir,
mwezi wa nane, saa nne usiku,
majabali bado yanatema joto la adhuhuri.
Giaboksi ya gia nne tumeishusha kwa jeki na dua.
Hii ya gia tano ni ya pikapu iliyopinduka Barka;
nimeiosha kwa dizeli mpaka namba zikasomeka.
Imekubali bolti zote ila moja.

Sasa waya.
Miaka arobaini na tatu umevuta,
nyuzi zake zimekatika moja moja,
mmoja umenichoma kidole kama mwiba wa changu.
Waya hufikisha, sikatai,
ila njia nzima hujisugua na kunung'unika
na manung'uniko yote humrudia mkanyagaji gotini.
Mafuta hayavuti. Mafuta husukuma.
Uma wa klachi ni ule ule, uendako ni kule kule,
ila waya ulisimama mbele yake ukimburuta;
pampu itasimama nyuma yake.

Nimekata kipimo kwa katoni ya maji,
nimetoboa ukuta wa injini matundu matatu.
La kwanza nilikosea. Nimeliziba kwa bati, Mungu anisitiri.
Pampu ya juu imekaa nyuma ya pedali,
pampu ya chini juu ya chuma cha pembe
nilichokikata kwenye kitanda cha Biju,
fundi mwenzangu, mtu wa Kerala,
ambaye tangu juzi analala sakafuni
na kwa Kiswahili alichokiokota humu humu gerejini
anasema, "Hamna shida, kaka. Chini baridi."

Nikajaza mafuta. Pedali ikazama kama mguu topeni.
Mna upepo.
Mafuta hayabonyei; upepo hubonyea,
hukaa katikati ukala nguvu yote,
cha mguuni kisifike chumani.

Kazi hii haina mtu mmoja.
Mmoja juu, mmoja chini, hawaonani.
Shangazi ameingia, amekusanya abaya yake, amevua ndara.
"Nilijifunza hivi hivi, Ruwi, pekupeku,
na marehemu Humoud kiti cha pili kafumba macho."
— Kanyaga.
— Nimekanyaga.
— Shikilia.
Nafungua skrubu. Mpira unatapika povu
ndani ya chupa ya laban.
Nafunga.
— Achia.

Mara ishirini. Mara thelathini.
Jasho limeniingia macho, nasikia sauti tu:
"Hakuniambia hata siku moja kwamba naendesha vizuri."
— Shikilia.
"Nimeshikilia. Lakini njia ya Nizwa, tulipopita Samail,
nikamtazama: kalala. Mdomo wazi.
Yule mtu asiyelala hata kwenye ndege."
Nikasahau kufungua skrubu.
"Wewe! Mguu unakufa huku!"

Povu likapungua, likawa tone, likawa uzi wa mafuta matupu.
Pedali ikasimama.

Baada ya alfajiri tukalipandisha njia ya Qantab.
"Laini mno," akalalamika. "Sijui kama linanisikia."
La pili, la tatu, la nne. Mkono wake ukasita,
ukatafuta mahali ambapo hapakuwa na kitu maisha yote,
ukapakuta.
Waya wa zamani kauweka miguuni pake;
anasema atafungia banda la kuku.

Kona ya juu akainua macho kwenye kioo,
akapunguza mwendo kidogo, taratibu,
asimwamshe Biju.