Kimo Ndani ya Bei

Mapokezi ya hoteli, Malindi,
mfuko wa mama begani: kanga mbili, dawa, cheti cha hospitali.
Wahiba kafungua daftari, kalamu sikioni.
"Elfu themanini kwa usiku,
na kifungua kinywa kimo ndani ya bei."
Kalitamka "kimo ndani" kama anayenipa siri.

Nikamuuliza, humo ndani mna nini?

Mna yai. La kuchemsha au la kukaanga, hiari yako.
Slesi mbili zilizopitishwa motoni,
siagi ya kijikaratasi, jamu nyekundu
isiyosema ni ya tunda gani.
Papai kipande. Tikiti kipande.
Kahawa ya kopo, maji ya moto unajimiminia mwenyewe.
"Tunaandaa juu, darini. Bandari yote unaiona.
Saa moja na nusu mpaka saa nne."

Bandari nshaiona. Ndiko tulikotoka sasa hivi,
mama kashika reli kwa mikono miwili,
kimya tangu Mkoani,
ukiacha "ndiyo" moja na "basi" mbili.
Sasa kakaa kwenye kiti cha mgeni, miguu haifiki chini,
anaitazama saa ya ukutani ambayo haendi.

Vikokotoni nilikwishapita, gesti ya Bwana Ussi.
Elfu arobaini na tano. "Chai juu yako,"
kanambia huku akihesabu funguo.
Lakini dirisha la chumba namba sita
linaangukia uchochoroni, kwenye jiko la Bi Mize:
mbaazi za nazi zimelala na tui lao,
mahamri yanapumua ndani ya kitambaa,
vitumbua vya ukingo uliokauka kidogo, nivipendavyo mimi,
uji wa pilipili manga unaokuamsha hata mafua.

Haya, themanini toa arobaini na tano.
Elfu thelathini na tano, yai lile!
Chake nanunua kuku aliyelitaga, na tenga lake.
Wasema rahisi huvunja upishi.
Basi ghali, hujenga nini? Slesi mbili.

Ila gesti ina ngazi kumi na tisa, nilizihesabu,
na choo kiko mwisho wa ukumbi,
na magoti ya mama yana hesabu yao.
Hapa kuna chumba cha chini, bafu humo humo.

Halafu nikakisoma cheti tena:
*Aje hajala kitu. Damu ya kwanza saa mbili,
ya pili saa nne.*
Saa nne! Wakati huo darini wanakunja vitambaa,
mama bado yuko kwenye benchi, Mnazi Mmoja,
pamba imebanwa mkononi.

"Mnaweza kutufungia?"
Wahiba kafikiri. Kafikiri kweli, namshukuru.
"Yai tunaweza kulifunga. Kahawa haifungiki."

Nikalipa. Kwa ajili ya magoti.

Kesho yake, saa nne na nusu, nimemkokota taratibu
mpaka uchochoroni kwa Bi Mize,
nikalipa chai mara ya pili.
Mama kachovya hamri, katafuna, kanyamaza.
Kachovya tena.
"Nazi ya jana hii," kasema.

Bi Mize kageuka na upawa wake. "Ya jana, bibi?"
"Ya jana. Na mbuzi wako hana meno, anapapasa tu.
Mimi wangu nimemwacha nyuma ya mlango,
na huyu mwanangu kafunga nyumba bila kumfunika,
kuku watamlalia..."
na hapo hapo akaingia kwenye kukuna, kuchuja,
tui la kwanza na la pili, marehemu baba alivyopenda lipi,
mpaka mbaazi zikapoa, na Bi Mize kavuta kigoda.

Nilikuwa nimeshika hamri, silili.
Mama kanigeukia, kakunja uso.
"Na lile yai liko wapi? Si tumelipia?"

Nikalitoa mfukoni, limefungwa karatasi,
ganda limepasuka upande mmoja.
Kalimenya mwenyewe. Kaomba chumvi.