Swali la Kumi na Nne

Swali la kumi na nne tuliliandika watu sita
kwa simu ya video: wawili Bergen, mmoja Kampala,
sisi watatu Moshi, chumba cha juu,
umeme ukakatika tulipofika kwenye neno "imani".
Wenzetu waliendelea.
Taa iliporudi, swali lilikuwa limeshapita:
kwa kiwango cha moja hadi tano,
unawaamini kiasi gani wanaogawa maji?

Nikalipandisha hadi Uru,
mimi na Sunniva, mwenzangu wa uzamili,
buti zake mpya, Kiswahili chake cha miezi minne
kinachoomba samahani hata kwa mbuzi.

Mama Aikande alikuwa akipalilia maharage mgombani.
Alilisikiliza lote, hakukatiza.
"Tano ya lini?
Ya juzi, maji yalipofika?
Au ya leo, Ndelamio kafungua lango kabla ya zamu yake,
naye ndiye aliyemchimbia mume wangu kaburi?"

Nikakitazama kishikwambi.
Vitufe vitano.
Hakuna cha mtu anayekuibia maji
na kukuzikia mumeo.

"Tuweke tatu?" Sunniva akaninong'oneza.

Tulikaa ukingoni mwa mfongo, miguu majini.
Nikamwambia wa juu hunywa kwanza.
Hata fedha ya mradi: huanzia kwenu,
ikakatwa ya usimamizi, ikakatwa ya bima,
ikalala siku mbili hotelini Arusha kwenye warsha,
hata inifikie mimi ni nauli ya bodaboda
na soda moja, tena kwa risiti.
Hakucheka. Alivua buti la pili.

Usiku tukaandika barua pepe, majina mawili chini yake:
swali hili lifutwe, pabaki mistari mitupu,
mtu aseme mpaka amalize.
Kampala akajibu kabla hatujalala: Hata huku.
Bergen, siku ya nne:
mfumo hausomi mistari mitupu.

Tukapanda tena, na daftari la duka la Mangi.
"Leo mmeniletea ngapi?"
"Hatukuleta, mama. Bado tunabishana, watu sita."
Akaingia ndani. Tukasikia vyuma vikigongana.
"Jumamosi tunazibua mfongo, wa juu na wa chini.
Asiyekuja analipa faini ya mbege.
Nitawajibu hukohuko, mgongo ukiwa umeinama."
Akatukabidhi majembe, mpini mmoja una nyufa.
"Ninayo haya mawili tu.
Hao wanne wengine
waje na yao."