Mkanda wa Upande wa Dereva

Ndahani kaleta Noah ya kijivu,
vumbi la Bahi limeipaka hadi kope.
"Fundi, mkanda umechoka.
Nikiuvuta unagoma, nikiuachia unalala
kama ulimi wa mbwa saa saba mchana."

Nimefungua nguzo ya mlango kwa bisibisi ndogo.
Ndani ya rola nimekuta mchanga,
punje tatu za mtama, maganda ya karanga,
nusu tiketi ya maegesho.
Wilaya nzima imejikunja humu pamoja na mkanda.

Hiyo ni kazi ndogo.
Maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche, brashi laini.
Nauvuta hadi mwisho, naubana kwa koleo,
naukausha kivulini,
maana jua la Kizota hula rangi kwanza, halafu hula nyuzi.
Na usitie mafuta. Kila siku nasema, usitie mafuta:
mafuta huita vumbi, na vumbi haliji peke yake.

Lakini hapa, usawa wa bega,
kidole changu cha shahada kimesimama.
Nyuzi zimevutika, zinang'aa
kama goti la suruali ya mwalimu.
Ukingo umefanya mawimbi.
Mkanda huu ulishawahi kushika mtu.

"Gari liligonga nini?"
"Halijagonga kitu."
Kunguru anatembea juu ya bati.
Nasubiri.
"Ng'ombe. Pale Chipanga, mwezi wa tano. Taa tu ndiyo ilivunjika."
"Nani alikuwa anaendesha?"
"Nyemo. Mke wangu."
Anajigusa bega la kulia, anashuka na kidole hadi kiunoni.
"Alikuwa na alama ya bluu, hapa mpaka hapa.
Wiki tatu hakubeba ndoo."

Namwambia alama ile na mawimbi haya ni kitu kimoja.
Mkanda hushika mara moja.
Ukishashika, kilichobaki ni utepe.

Anataka nishone.
Mpya ni laki na themanini; mvua haikunyesha, alizeti imeungua,
simlaumu mtu kwa kuhesabu.
"Piga uzi tu, fundi. Trafiki wa Nala haoni uzi,
anaona mstari kifuani."
Kweli. Trafiki anatazama mstari.
Ng'ombe hatazami.

Nina cherehani inayotoboa ngozi ya kiti cha lori.
Nimeshona maturubai ya misiba, nimeshona matandiko ya punda.
Mkanda sishoni.
Wala wa gari lililopinduka siuchukui, hata uwe bado unanukia upya;
sijui ulimshika nani, wala kama alitoka.

Kaenda kwa bodaboda. Karudi Alhamisi na pesa,
nyingine za sarafu.

Nimefunga mpya, boliti nimezikaza mpaka mkono ukatetemeka.
Nimeuvuta taratibu: umekuja.
Nimeuvuta ghafla: tak!
Tena. Tak!
Ndahani kacheka mwenyewe, kisha kavuta na yeye,
mara tano, sita, kama mtoto na swichi ya taa.

Wa zamani huwa naukata vipande,
asije mtu akauokota akauuza.
Mkasi ulikuwa tayari mkononi simu ilipolia.
Kasikiliza. Kaniangalia.
"Nyemo anauomba."
"Wa nini?"
"Anasema atafungia mlango wa zizi."

Nimekata pale penye mawimbi, pima moja na zaidi kidogo,
nimemkunjia kwenye gazeti.
Sikumtoza.