Risiti ya Kahe

Daftari langu lina mistari miwili tu inayosema kweli:
kuni, na mafuta ya kulainisha.
Mingine yote ni matumaini, nimeyaandika kwa wino.

Jumamosi, saa tisa usiku, Senzota ameshawasha moto.
Injini hii haikurupushwi. Inataka saa sita za kubembelezwa,
kuni za mgrivea kwanza, mkaa baadaye,
naye akiizunguka na kopo la grisi,
akigonga hapa, akitega sikio pale,
kama tabibu asiyemwamini mgonjwa anayesema "sijambo".
Tunaiita Shangazi. Imetutangulia sote duniani,
ina maneno mengi,
na haiendi popote kabla ya kupewa chake.

Mabomba ya boila yanayovuja ni kumi na manne.
Fedha tuliyonayo ni ya matatu.
Mkaguzi kutoka Tanga ametupa hadi mwezi wa tisa,
akafunga faili, kisha akaomba apigwe picha
amesimama mbele ya injini, kofia mkononi.

Asubuhi mlima umetoka wote, mweupe, bila haya,
na hiyo kwetu ni hasara:
wageni wameelekea Marangu na Machame,
magari yao yamelipita geti la stesheni
bila hata kupunguza mwendo.
Tiketi kumi na moja.
Tunahitaji arobaini ili tusile mtaji.
Elirehema, kijana wetu wa mlangoni, anapaza sauti barabarani:
"Mmefika Moshi, mtaondokaje bila kuuona moshi?"
Mmoja alicheka. Hakununua.

Nikamwambia Senzota, leo tusiende, hesabu inakataa.
Akanitazama kwa macho mekundu, masizi hadi kopeni:
"Maji yameshachemka, Mhazini.
Nenda wewe ukayaambie yapoe."

Ndipo akaja dirishani mama mmoja mfupi,
kitenge cha kijani, viatu vya mpira.
Hakuuliza nauli. Akafungua pindo,
akazipanga noti juu ya ubao, moja moja,
akizinyoosha kwa kiganja kama anayepiga pasi.

"Miaka mitatu nilipanda hapa kwenda Kahe,
Jumatano na Jumamosi, na mikungu yangu miwili,
niwauzie abiria ndizi madirishani.
Sikukata tiketi hata siku moja.
Mkagua tiketi akija, nilijifungia chooni.
Siku nyingine nilimpa ndizi tano, akapita kama hajaniona.
Nimepiga hesabu. Hii haitoshi.
Lakini anzeni nayo."

Mama, nikasema, lile lilikuwa shirika la serikali.
Sisi ni watu tisa na injini moja ya kuazima.
Deni lako si letu.

"Reli ni ile ile?"

Ni ile ile.

"Basi."

Na akataka risiti.

Kalamu ikanigomea. Niandike mchango? Hakuchanga.
Niandike zawadi? Angenirudishia karatasi yangu.
Elirehema akachungulia begani pangu, akanyamaza,
jambo ambalo si kawaida yake.
Nikaandika: *Moshi hadi Kahe, daraja la tatu,
abiria mmoja, ndizi mikungu miwili.*
Nafasi ya tarehe nikaiacha wazi.

Akaisoma polepole, midomo ikifuata herufi,
akaikunja mara nne, akaifunga palipokuwa na noti.
Panda basi, nikamwambia, leo nafasi ni tele.
Akacheka, akalitazama behewa la mwisho
ambalo rangi yake tumeishia nusu.
"Niende Kahe kufanya nini? Ndizi zenyewe sina."

Shangazi akapiga honi, njiwa wakaruka paani.
Abiria kumi na moja, mabehewa matatu,
na mtoto mmoja wa Kijerumani
akilia kwamba moshi umemwingia machoni.
Yule mama hakupunga mkono.
Alisimama jukwaani akihesabu mabehewa kwa kidole,
kama mwenye mali.

Jioni nilijumlisha.
Hasara iko pale pale, laki mbili na themanini.
Nikageuza ukurasa wa mabomba:
matatu yamelipiwa,
la nne, robo yake.