Kabla Mate Hayajakauka

Pale Msalato, Jumamosi za mnada,
mimi Chilongani ndiye niliyeita bei:
laki sita, laki sita unusu, nani saba,
tazama nundu hiyo, tazama kwato, nani saba,
na fahali alishapata mwenyewe mpya
kabla mate hayajakauka.

Usemi huo niliutumia kama chumvi.
Sikujua una siku yake ya kunidai.

Uvimbe ulikaa nyuma ya ulimi, upande wa kulia.
Wakanifinyangia kinyago cha plastiki chenye vitundu,
wakanibana nacho juu ya meza, uso juu,
mara thelathini na tano.
Mionzi haina harufu, haina joto,
ni mlio tu wa mashine, kama nyuki waliofungiwa debeni.
Uvimbe ukaisha. Namshukuru Mungu, na wale vijana pia.
Lakini ulipoondoka, uliondoka na kisima.

Nyinyi mnaomeza bila kujua mnameza,
niwaeleze:
ulimi hugota kaakaani kama soli ya kiatu,
mkate hugeuka pamba,
ugali wa uwele hugeuka kifusi,
na usiku unaamka mara sita, midomo imegandana,
unapapasa chupa gizani kama mwizi.
Mnadani nilitia kidole gumba ulimini nihesabu noti,
kikarudi kikavu. Watu wakacheka, wakadhani natania.
Mjukuu aliletwa nimtemee baraka;
nikampulizia upepo.

Muuguzi Zaituni, binti wa Kondoa,
alisema nami kama mtu anayegawa zamu za maji:
Funda dogo, baba, kila mara. Usigugumie.
Chumvi kidogo na magadi kidogo kwenye maji, sukutua, tema.
Sukari iache, meno yako sasa hayana mlinzi.
Tafuna jojo isiyo na sukari.
Sigara unayo?
Nilikuwa nayo.
Ndivyo. Ulikuwa nayo.

Kuna dawa ya kupuliza, kichupa hiki,
bei yake mbuzi wawili wenye afya.
Nikainadi kimoyomoyo. Mnunuzi nilikuwa peke yangu
na sikufika.

Nyuma ya nyumba yetu Veyula kuna korongo.
Kiangazi wanawake hufukua mchanga, kisha wanakaa.
Maji hujileta yenyewe, kidogo, rangi ya chai,
nao huchota kwa kikombe, hawachoti kwa ndoo.
Miaka hamsini na tisa nimelipita korongo lile
bila kuliuliza kitu.

Kisha Nyendo, mke wangu, alinitazama nikipigana na tonge.
Hakusema neno. Alitoka, akarudi na chungu cha mlenda.
Mlenda, jamani, ule tunaouficha wageni wakija,
ule ambao wenzangu wa bweni waliuchekea,
wakisema Wagogo mnakula makamasi.
Uliteleza.
Ulilishika tonge kama mtu anayemshika kipofu mkono,
ukalivusha koo lote,
nami nikalia, na machozi yalikuwa tele;
tezi zile hawakuzigusa.

Mwezi wa kumi na nne tangu kinyago, alfajiri,
niliamka shavu limelowa.
Nikadhani paa. Lakini ilikuwa Septemba,
na Septemba paa la Dodoma halina cha kuvujisha.
Nikapapasa foronya, upande wa kushoto:
doa, upana wa sarafu ya mia mbili,
na lina utelezi.

Udenda.
Mimi niliyewahi kuufuta kwa mkono wa shati
kwenye basi la Singida, nikitazama dirishani kwa aibu.
Nikawasha taa.
Nyendo, amka, tazama hapa,
laki saba, nani nane, mama, nani nane!

Akafumbua jicho moja.
“Foronya hiyo,” akasema, “nimeifua jana.”